Shimo la Mtu Asiye na Ng'ombe

Katika kazi yangu watu hunisalimia kwa kufungua kinywa. Sifanyi mzaha. Mwanamume mzima, mwenye ndevu na shamba lake, ananiona nikiingia langoni, anatembea mpaka nilipo, anaachama na kunipulizia pumzi usoni kabla hajasema habari ya asubuhi. Amezoea. Mama yake humnusa akimkumbatia, mke wake humnusa akimpa chai, na pasta humnusa akimwekea mkono wa baraka kichwani. Mimi sijawahi kumwomba mtu anipulizie, lakini pia sijawahi kugeuza uso.

Mimi ni mwanasaikolojia. Huku Nyeri wananiita daktari, na nilishachoka kuwasahihisha. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafuatilia wanaume waliotoka katika vituo vya kutibu ulevi na dawa za kulevya, ili nijue wanaishije wakisharudi makwao. Watu hudhani kazi kubwa iko ndani ya kituo. Ndani ya kituo kuna ukuta, kengele ya chakula na mlinzi getini. Hata baba yangu angeacha pombe humo. Kazi huanza siku ile mtu anaposhuka kwao Tetu au Mweiga na mfuko wake wa nguo, akakuta kijiji kizima kimesimama kando ya njia kikingoja aanguke.

Nimemtaja baba kwa sababu yeye ndiye chuo changu cha kwanza. Alikuwa mlevi mwenye akili, na mlevi mwenye akili ni mwalimu mzuri wa mtoto mbea. Mama alikuwa akinituma kukagua gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira, kwa kuwa chupa hulala vizuri ndani ya gambuti. Nilizipata chupa pia katika tangi la maji ya mvua, katikati ya magunia ya mbolea, na mara moja chini ya kuku aliyekuwa amelalia mayai. Nilipofika chuo kikuu nilifundishwa maneno makubwa ya mambo hayo hayo.

Kwa hiyo siamini haraka. Nikimuuliza mtu kama amekunywa tangu tuonane, namtazama vidole. Nikipewa mkojo wa kupima, nakishika kwanza kikombe, kwa kuwa mkojo wa binadamu hautoki baridi kama maji ya mto Chania. Kuna bwana mmoja wa mjini aliyeniletea wa namna hiyo, na nilipomwambia aurudishe alikoutoa, akanijibu bila kupepesa macho kwamba yeye huwa na baridi tangu utotoni. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, lakini sikumwamini tena hata aliponiambia leo ni Jumanne.

Mtu ninayetaka kumsimulia hapa alikuwa wa Tetu, umri wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikunywa pombe ya magendo mpaka ng'ombe wa nyumba hiyo wakaisha, akabaki mmoja. Huyo mmoja aliondoka na mke. Asubuhi moja mke alimfunga ng'ombe kamba, akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwa wazazi wake Mweiga. Langoni aligeuka akamwambia mumewe, "Mimi na hii ng'ombe tumekula njaa yako ya kutosha." Maneno hayo niliyasikia kutoka kwa mke, na baadaye nikayasikia kutoka kwa mume, hayakutofautiana hata neno.

Baada ya hapo ndipo mume akakubali kwenda kutibiwa. Alipotoka, nilimweka katika orodha ya watu ninaowatembelea, na nikaenda Mweiga kumwona mke. Nilimkuta amekaa juu ya debe akichambua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Hakuacha kuchambua.

"Daktari," alisema, "mimi sitamwamini huyo mtu. Na mama yake pia sitamwamini, huyo hata mtoto wake akianguka kwa mtaro atasema amelala. Wewe ndio nitaamini. Ukiniambia hakunywi, nitarudi. Ukiniambia anakunywa, nitatafuta maisha yangu, na mtoto atatafuta baba mwingine."

Nilimwambia mimi ni mtafiti, si hakimu. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Basi utafute," alisema.

Mume alikuwa ameniruhusu kumwambia mke wake ukweli wowote nitakaoupata. Hivyo nikarudi Ruring'u, ninakokaa, nikiwa na ndoa ya watu mkononi, na sikupenda hata kidogo.

Miezi ya kwanza ilienda vizuri. Nikifika ananipulizia pumzi, haina kitu. Mkojo ni wa moto na ni safi. Nyumba imefagiliwa, shati limefuliwa, na anafanya vibarua katika mashamba ya majirani, kuchuma chai na kupalilia kahawa. Hata hivyo sikumwambia mke chochote, kwa maana nimeona wengi waliofagia nyumba.

Halafu harufu ikaanza.

Siku hiyo nilipokaribia lango niliisikia kabla sijamwona yeye: harufu tamu yenye ukali nyuma yake, kitu kilichoanza kuchacha. Alikuja akaachama kama kawaida. Pumzi yake ilinuka uji tu. Lakini suruali yake ilikuwa na madoa meusi ya kunata magotini, na gambuti zilizosimama kando ya mlango zilikuwa na udongo mwekundu wa chini kabisa, ule ambao jembe la kupalilia halifiki.

"Unachimba nini?" nilimuuliza.

"Ni kazi tu ya shamba, daktari."

Nilipoaga, akanisindikiza kwa njia ya juu, inayozunguka kwa mama yake, badala ya ile fupi ya nyuma ya nyumba tuliyoizoea. Baba yangu alikuwa akinizungusha hivyo hivyo. Nikamkasirikia kama aliyeniibia.

Jirani yake, mzee wa Nyumba Kumi, alikuwa akiningoja barabarani upande wa pili wa ua wa kayaba. Huyu ni mzee mwenye ng'ombe wa maziwa wanaosifika, na cheo chake hakimletei mshahara ila kinampa ruhusa ya kuchungulia.

"Daktari, wewe uko na masomo, lakini mimi niko na pua," alisema. "Huyu kijana anapika kitu. Nimeona bodaboda ikimletea mitungi ya molasi. Si mara moja."

"Labda ni ya sileji," nilisema, ingawa sikuamini.

Mzee akacheka mpaka akatoa kofia.

"Sileji ya ng'ombe gani? Hana ng'ombe, hana mbuzi, kuku yenyewe ni ya mama yake. Ama ati anaweka molasi kwa chai?"

Hapa inafaa nieleze, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Katika milima hii molasi, ule uji mzito mweusi unaotoka viwanda vya sukari, ina kazi mbili. Mfugaji hukata majani ya nepia au mahindi mabichi vipande vidogo, akanyunyizia molasi, akashindilia ndani ya shimo, akafunika kwa nailoni nyeusi na udongo mpaka hewa isiingie, ili ng'ombe wake wale wakati wa kiangazi. Hiyo ndiyo sileji. Mpikaji wa chang'aa, ile pombe ya magendo, naye huchukua molasi hiyo hiyo, akaichachusha katika mapipa, na mara nyingi huyafukia mapipa chini ya udongo ili polisi wasiyaone. Molasi ni moja, shimo ni moja, na harufu ukiwa mbali inafanana. Tunayemtofautisha ni mwenye shimo. Mzee mwenyewe alikuwa na shimo la sileji nyuma ya zizi lake, refu kama basi, na hakuna mtu aliyewahi kulinusa kwa shaka.

Nilikwenda Mweiga wiki hiyo. Mke aliniuliza kabla sijaketi.

"Anakunywa ama hakunywi?"

"Bado sijui."

"Miezi yote hii hujui?"

"Kuna kitu ananificha," nilisema. "Nipe muda nikione."

Akageuka. Ng'ombe alikuwa amefungwa nyuma yake, mbavu zikihesabika, maana kwa wazazi wake kulikuwa na midomo mingi na majani machache. Mke alimtupia konzi ya maganda ya viazi, akasema, "Kama ananificha, basi hajabadilika. Mwezi ukiisha hujaniambia kitu, nitajua jibu."

Nilirudi Tetu nikiwa nimekata shauri. Safari hii ningepita njia ya nyuma ya nyumba, apende asipende, na ningesimama juu ya hilo shimo mpaka aniambie lina nini. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya majani ya chai. Nilipofika njia panda, Landkruza ya naibu wa chifu ikanipita, ndani polisi, na kwenye kiti cha mbele mzee wa Nyumba Kumi amevaa koti lake la kanisani. Wakapunguza mwendo, mzee akanipungia mkono kwa furaha. Tukafika langoni pamoja kama watu waliopanga.

Mwenye nyumba alitoka na kikombe cha chai. Akaliona gari, akawaona polisi, kisha akaniona mimi katikati yao. Hakuja kunipulizia. Alisimama tu, akakiweka kikombe kwenye dirisha polepole.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Mzee aliwaongoza moja kwa moja nyuma ya nyumba, na palikuwa na tuta la udongo lililoshindiliwa vizuri, limezungushiwa mawe, na mfereji mdogo wa kupitisha maji ya mvua pembeni. Wakaanza kulichoma kwa vyuma virefu wakitafuta pipa.

"Hapana, msitoboe!" alipiga kelele. "Tafadhali, msitoboe, hewa itaingia! Ni chakula ya ng'ombe!"

"Ng'ombe iko wapi?" aliuliza naibu wa chifu.

Alinitazama mimi. Hilo swali lilikuwa langu pia.

"Unaona?" alisema mzee. "Ng'ombe iko wapi?"

Vyuma viliingia na kutoka bila kugonga kitu. Naibu wa chifu akaagiza wachimbe. Wakaondoa udongo, wakaipasua ile nailoni nyeusi kwa panga toka mwanzo hadi mwisho, na harufu ikapanda ikatujaa puani, tamu, kali, ya kuchacha. Mmoja wa polisi akasema, "Eee, hii ndio yenyewe." Kisha wakaona. Ilikuwa nepia, imekatwa vipande sawasawa, rangi ya kijani inayoelekea manjano, imeshindiliwa kama keki. Wakachimba mpaka udongo mwekundu wa chini. Pipa halikuwapo, chupa haikuwapo, hata kizibo.

Naibu wa chifu alichukua konzi, akaibinya, akainusa, akainusa tena. Yeye pia ana ng'ombe. Nilimwona uso ukibadilika.

"Hii ni sileji," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na ni mzuri."

Mzee wa Nyumba Kumi hakukubali kushindwa. "Lakini ni ya nini? Mtu mzima anaficha sileji? Mimi yangu sijawahi kuficha."

"Hata wewe hujawahi kuulizwa," nilimwambia, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba sauti ilinitoka ya juu, kama ya mama.

Hawakuomba msamaha. Naibu wa chifu alisema amri ya kusaka pombe imetoka juu na kwamba wataendelea kumwangalia, akafuta mikono kwenye majani, wakaondoka. Mzee alirudi nyumbani kwake kwa miguu, kupitia tundu la kayaba.

Tukabaki sisi wawili na lile shimo lililopasuliwa.

"Ni wewe umeniletea hawa watu?" aliniuliza.

"Si mimi. Tumekutana njiani."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Si mimi. Tumekutana tu njiani."

Nilitaka kumwapia. Nikaona sina cha kumwonyesha. Mimi sina kikombe cha kuukojolea ukweli wangu. Aliniangalia vidole kama ninavyowaangalia wao, na sijui aliona nini. Nilijisikia vibaya sana, na kuchukizwa, maana safari hii nilikuwa nimesema kweli na haikunisaidia kitu.

"Kwa nini hukuniambia?" nilisema hatimaye. "Nilikuuliza unachimba nini."

"Uliniuliza na pua, daktari. Hukuuliza na mdomo." Akachuchumaa, akaanza kurudisha nepia iliyomwagika, konzi kwa konzi. "Huyo mama ya mtoto nimemwahidi vitu mingi. Nimemwahidi nyumba ya mawe. Nimemwahidi nitaacha, sijui mara ngapi. Hata ng'ombe nikiuza nilimwahidi nitarudisha. Sasa nikimwambia natengeneza chakula, atasema ni ahadi ingine. Nilitaka shimo ikae, iive, kiangazi ikifika nimwambie tu, kuja uone. Bila maneno."

Nepia aliipanda mwenyewe kando ya mitaro. Nyingine alilipwa badala ya kibarua, mzigo kwa mzigo, na akaikata kwa mashine ya kuazima. Alichanganya molasi na maji katika beseni la kufulia na kushindilia kwa miguu, siku nzima akitembea juu yake kwenda na kurudi. Kisha akanizungusha njia ya juu, kwa sababu alijua ningeona, na nikiona ningemwambia mke wake. Hakukosea.

"Na sasa?" niliuliza.

"Sasa imeingia hewa. Sileji ikifunguliwa lazima iliwe. Ukiacha, inaoza yote." Alisema hivyo bila kuinua kichwa. "Na ng'ombe iko Mweiga."

Tulifunika kadiri tulivyoweza. Nailoni ilikuwa matambara, tukaweka magunia juu, tukaweka mabati ya zamani ya mama yake, tukaweka mawe. Nilifanya kazi hiyo na viatu vyangu vya ofisini na hakuna aliyenishukuru. Nilipomaliza nilimuuliza kama ananiruhusu kwenda kumwambia mke wake. Alisukuma jiwe la mwisho mahali pake, kisha akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeng'olewa jino.

Nilifika Mweiga na matope mpaka magotini.

"Anakunywa ama hakunywi?" mke aliuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kutoa jibu la kitaalamu. Badala yake nikamweleza yote: molasi, polisi, vyuma, nailoni iliyopasuliwa, magunia. Alinisikiliza akichambua viazi, lakini niliona kwamba vikubwa na vidogo vilikuwa vinaingia katika rundo moja.

"Molasi alinunua na nini?"

"Na kibarua."

"Umeona kibarua na macho?"

"Nimeona mikono yake."

"Na wewe unaamini?"

Ni swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza katika kazi hii. Wote huniuliza ninajua nini. Nilimwambia ukweli: kwamba pumzi yake ni safi, mkojo wake ni safi, shimo lake ni safi, na bado kuna kitu ndani yangu kinachotaka kwenda kuangalia tena. Nilimwambia kwamba kitu hicho hakitaisha, nadhani, hata yeye akikaa bila pombe mpaka azeeke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Basi tuko wawili," alisema. Akainuka, akajipangusa udongo wa viazi, akaenda kumtazama yule ng'ombe. Alimshika nyonga, akampapasa mbavu. Hakuniambia atafanya nini, na sikuthubutu kumuuliza.

Siku chache baadaye nilikuwa Tetu kwa ziara yangu ya kawaida. Mwenye nyumba alikuwa ameondoa tabaka la juu lililoshika ukungu mweupe, akalitupa mbali, na la chini lilikuwa bado zuri, lakini alisema lingedumu siku chache tu. Hakuwa amepata ujumbe wowote. Alikuwa amevaa shati la kanisani na viatu vyeusi, siku ya kazi. Nikajifanya sijaona.

Pikapu ilisimama langoni kabla ya saa sita. Mke alishuka kiti cha mbele akiwa amembeba mtoto aliyelala, akampa mama mkwe aliyekuja mbio kutoka nyumba ya juu, kisha akazunguka nyuma akamteremsha ng'ombe kwa kamba. Ng'ombe alisimama, akainua pua, akavuta harufu iliyokuwa ikitoka nyuma ya nyumba. Yeye hakuwa na shaka yoyote.

Mume alitembea kuwaendea. Alipofika karibu na mkewe alisimama wima, mikono ubavuni, akafumba macho, akaachama kinywa. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilimwona mke akisogea. Nilijua atamnusa, maana mimi ningemnusa. Akamtazama mtu huyo aliyesimama mbele ya lango lake mwenyewe akiwa ameachama mchana kweupe, na mzee wa Nyumba Kumi akichungulia kwenye kayaba, na macho yake yakajaa.

"Funga mdomo," alisema. "Ng'ombe iko na njaa."

Akafunga. Akapokea kamba, wakaenda nyuma ya nyumba wote watatu, na hakuna aliyenikaribisha. Nilibaki mbele ya mlango. Gambuti zake zilikuwa zimesimama kando ya ngazi, mahali pale pale. Nilizitazama kitambo, nikageuka kuangalia kama kuna mtu ananiona, kisha nikaziinua moja baada ya nyingine na kuzipindua. Ulidondoka udongo mkavu na vipande vya nepia. Nikazirudisha jinsi nilivyozikuta, nikaenda kumwona ng'ombe akila.